Kadi ya Watu Sita

Kwa miaka mitatu, kuanzia mwaka 2019, nilifanya kazi ya uandikishaji wa Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ule ambao huku kwetu kila mtu anauita CHF, katika vijiji vitatu vya wilaya ya Urambo, mkoani Tabora. Kazi yenyewe ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba nikiwa na simu, kueleza namna mfuko unavyofanya kazi, kupokea shilingi 30,000 za kaya, kuandika majina na kumpiga picha kila anayeandikishwa. Mchango huo uliwatosha watu sita kwa mwaka mmoja, wakatibiwa katika zahanati ya kijiji na, kwa rufaa, hadi hospitali ya mkoa. Mwenye kaya ya watu wanne alilipa kiasi hicho hicho, na mwenye kaya ya watu tisa alilazimika kuchagua.

Mwezi wa Julai wa mwaka ule wa kwanza nilifika kwa mkulima mmoja wa tumbaku ambaye ndiyo kwanza alikuwa amelipwa na chama chake cha msingi. Alinipokea vizuri, nikapewa kigoda chini ya mwembe, na fedha akazihesabu mbele yangu bila kubembelezwa, jambo ambalo mwandikishaji yeyote atakwambia si la kawaida. Kaya yake ilikuwa na watu tisa. Akataja jina lake, kisha la mama yake mzazi aliyekuwa na shinikizo la damu, kisha ya watoto wanne wakubwa ambao kila masika walipelekwa zahanati kwa sababu ya malaria. Hao wakawa sita. Wadogo wawili walikuwa bado hawajatimiza miaka mitano, akawaacha. Mkewe alikuwa amesimama karibu na kinu, mimba ya miezi saba, anasikiliza. Nilipouliza kuhusu yeye, mume alinijibu kwa upole kabisa kwamba mjamzito hutibiwa bure, serikali imeshasema, na kumwandika kungekuwa kupoteza nafasi ya mtu mwingine.

Nami nilikubaliana naye. Nilikubaliana kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kwenye semina: mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano wana msamaha wa matibabu. Nikaandika majina sita, nikapiga picha sita, nikamtakia yule mama ajifungue salama, nikachukua baiskeli yangu nikaenda nyumba ya pili. Ilinichukua karibu miaka miwili kuelewa kwamba hesabu ile, ambayo kila mmoja wetu pale chini ya mwembe aliiona sawa, ilikuwa na kasoro kubwa, na kwamba kasoro hiyo haikuwa ya yule baba.

Msamaha wa wajawazito una historia yake. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 matibabu katika vituo vya serikali yalikuwa hayalipiwi. Mwaka 1993 serikali ilianzisha uchangiaji wa gharama, ukianzia katika hospitali kubwa na kushuka ngazi kwa ngazi, na kwa kuwa ilijulikana kwamba ada ingewafungia watu wengi mlango, yakawekwa makundi yatakayosamehewa: wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wasio na uwezo, wagonjwa wa maradhi kama kifua kikuu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1996, Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa kwa mara ya kwanza nchini, na mahali palipochaguliwa palikuwa Igunga, hapa hapa mkoani kwetu. Wazo lilikuwa zuri na lilimwelewa mkulima: alipe wakati wa mavuno, fedha ikiwa mkononi, ili augue wakati wa kulima bila kuuza jembe. Sheria ya mfuko huo ilitungwa mwaka 2001, mwaka ule ule ambao Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliotungiwa sheria mwaka 1999, ulianza kuwahudumia watumishi wa umma kwa makato ya asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwa mtumishi na nusu kwa mwajiri.

Kwa hiyo mtumishi alipata bima yake na mkulima akapata yake. Mjamzito asiye na mume mtumishi, yaani karibu kila mjamzito wa vijiji vyangu vitatu, alibaki kwenye msamaha, na mimi nilidhani kwamba msamaha na bima ni kitu kimoja chenye majina mawili.

Mwezi wa Machi mwaka 2021 mdogo wangu alikuwa na mimba ya tatu, miezi minane na siku kadhaa. Mumewe naye ni mkulima wa tumbaku, na mwaka ule hakuwa na CHF, kwa sababu msimu uliopita fedha zote zilikatwa kulipia deni la pembejeo. Mdogo wangu alianza kuumwa kichwa, miguu ikavimba, na asubuhi moja akasema anaona ukungu. Mkunga wa zahanati alimpima presha na mkojo, hakusubiri hata dakika tano, akamwandikia rufaa. Dalili zile zilikuwa za mtu anayekaribia kupata kifafa cha mimba, na kuchelewa kwa saa chache kungetosha kumpoteza yeye na mtoto. Alifika hospitali, akapewa dawa ya kuzuia degedege, usiku ule akafanyiwa upasuaji. Wote wawili wapo hai. Mtoto sasa anakimbia.

Upasuaji haukutozwa hata senti moja. Ninalisema hili kwa shukrani, kwa sababu watu wanaosema kwamba msamaha ni maneno matupu hawasemi kweli. Kitendo kile cha daktari na wauguzi wake, usiku kucha, hakikuwa na bei kwetu. Lakini shemeji yangu ni mtu wa daftari, na daftari lake ninalo mpaka leo, maana nilimwomba anipe. Limeandikwa kwa kalamu ya bluu: mchango wa mafuta ya gari la wagonjwa, glovu za upasuaji, kanula, dripu, nyuzi za kushonea, dawa za kuzuia maambukizi za siku saba, kipimo cha damu kilichofanyika nje kwa sababu kitendanishi cha maabara kilikuwa kimekwisha, beseni, mpira wa kutandika kitandani, chakula cha mwangalizi kwa siku sita, nauli ya kurudi. Jumla ni shilingi 214,000. Hiyo ni zaidi ya mchango wa CHF wa kaya nzima kwa miaka saba. Mwezi wa Machi mahindi yapo shambani na tumbaku bado inakaushwa kwenye mabani. Hakuna mkulima mwenye fedha. Shemeji alikopa kwa mlanguzi, akamwahidi marobota, na soko lilipofunguliwa aliyatoa kwa bei ambayo sitaki kuiandika.

Kwenye kitanda kilichofuatana na cha mdogo wangu alilazwa mwalimu wa shule ya msingi, naye amefanyiwa upasuaji, siku moja kabla. Alikuwa na kadi ya Mfuko wa Taifa. Wauguzi waliwahudumia wote wawili kwa uso ule ule, na sikuona hata mara moja mmoja akipendelewa. Nimekaa pale siku sita, ningeona. Tofauti ilijitokeza asubuhi, orodha ya dawa ilipoletwa. Ya mwalimu ilipelekwa kwenye dirisha la dawa, na dawa moja ilipokosekana pale alipewa fomu ikachukuliwe katika duka la dawa lililosajiliwa na mfuko. Ya mdogo wangu alipewa shemeji mkononi, akaondoka nayo kwenda mjini kutafuta.

Swali la kwa nini iwe hivyo lilinikaa rohoni. Miezi michache baadaye nilipopeleka kumbukumbu zangu za uandikishaji kwenye kituo cha afya, nilimkuta mtumishi wa stoo ya dawa hana kazi nyingi, nikamuuliza. Akachukua boksi tupu la dripu, akachora juu yake. Mwanachama wa Mfuko wa Taifa akitibiwa, alisema, kituo hujaza fomu ya madai, na fedha, hata zikichelewa, huingia kwenye akaunti ya kituo. Mwanachama wa CHF naye huleta sehemu yake. Anayelipa taslimu, huyo fedha yake iko dirishani. Mjamzito huandikwa kwenye rejesta ya msamaha, basi. Akapiga mstari chini ya neno hilo.

Nikamwambia kwamba serikali huleta dawa. Akakubali, lakini akaniomba nifuate safari ya dawa moja. Kituo huagiza kutoka Bohari ya Dawa, ambayo ina kanda yake hapa Tabora. Zile zisizopatikana Bohari, kituo hununua kwa mshitiri, yule muuzaji aliyeteuliwa kwa ajili ya vituo vya umma, na huko hununua kwa fedha iliyo kwenye akaunti. Ni kweli kwamba tangu mwaka wa fedha 2017/18 vituo hupelekewa fedha moja kwa moja badala ya zote kupitia halmashauri, na alisema bila hizo wangefunga stoo. Ila sehemu kubwa ya kinachoweza kununuliwa kwa haraka, glovu zikiisha Jumanne usiku, inatokana na wale waliolipa kwa bima au kwa mkono. Sasa tazama wodi, akasema. Wengi wanaolala humu ni akina mama na watoto. Kila mjamzito anayeingia anatoa vitu stoo, na hakuna shilingi inayoingia kwa jina lake ili vitu hivyo virudi. Kituo ambacho wakunga wake wana lugha nzuri, ambacho akina mama wanaambiana wakifuate hata kama kiko mbali, ndicho kinachoishiwa mapema.

Nilirudi nyumbani nikiwa na maneno hayo. Watu wengi, hata viongozi wa vijiji, hueleza orodha ya vifaa vya kujifungulia anayopewa mjamzito kliniki, yaani glovu, viwembe, pamba, vibanio vya kitovu, kanga, kana kwamba ni tabia mbaya ya watumishi. Wako watumishi wabaya, siwatetei. Lakini orodha ile mara nyingi ni jibu la mkunga anayejua kwamba usiku wa manane atazalisha mikono mitupu kama mama hakuja na glovu zake. Msamaha umemwondolea mama ada ya mlangoni, halafu haujakipa kituo kitu cha kujaza pengo la ada hiyo. Gharama haijaondoka, imehama kutoka kwa mhasibu kwenda kwa muuza duka la dawa.

Jirani zetu wa Burundi waliyapitia haya mbele ya macho yetu. Mei mwaka 2006 nchi hiyo ilitangaza kwamba kujifungua na matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano yatakuwa bure katika vituo vya umma. Akina mama walimiminika, kama ilivyotarajiwa, na vituo vikazidiwa, kwa sababu tangazo lilitangulia na malipo yakafuata kwa kuchechemea. Mwaka 2010 wakaunganisha huduma hiyo ya bure na mfumo wa kukilipa kituo kulingana na huduma kilizotoa, ili kila mama aliyezalishwa awe ameleta fedha fulani kituoni bila yeye kutoa chochote. Ghana nayo, mwaka 2008, iliwaondolea wajawazito mchango wa bima ya taifa, lakini haikuwaondoa kwenye bima yenyewe. Anaandikishwa, anapewa kadi, halipi, na hospitali hulipwa na mfuko, ambao sehemu kubwa ya fedha zake hutokana na tozo inayokusanywa pamoja na kodi ya ongezeko la thamani. Sisemi kwamba Ghana hakuna matatizo; hospitali za huko zimelalamika mara nyingi kuhusu malipo kuchelewa. Ila mjamzito wa Ghana akiingia wodini anahesabiwa na mtu fulani mwenye hundi, na hilo ndilo ninalolitamani kwa mjamzito wa Urambo.

Kuna wanaosema suluhisho ni kila mjamzito akate CHF. Nimeuza kadi hizo kwa mikono yangu na najua kwa nini haiwezekani hivyo peke yake. Ugonjwa mwingine humvamia mtu. Mimba hutoa taarifa miezi kadhaa mapema. Katika mwaka wangu wa pili nilifuatwa na wanawake, mmoja baada ya mwingine, wakiwa na mimba za miezi minane, wameuza kuku au karanga ili wajiunge, kwa sababu walikuwa wamesikia habari za daftari kama la shemeji. Siwezi kuwalaumu. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo. Lakini mfuko ambao watu huingia wakiwa wanakaribia kuuhitaji na kutoka baada ya kuutumia hauwezi kudumu, na ndivyo mifuko ya hiari inavyokufa: wenye afya hukaa nje, wenye mahitaji huingia, michango haitoshi, dawa hazipatikani, kisha hata wale waliokuwa na moyo wa kuchangia hukata tamaa. Huko nyuma serikali ilijaribu kuupa mfuko nguvu kwa utaratibu wa tele kwa tele, ambapo kila shilingi iliyochangwa na wananchi iliongezewa nyingine. Ulisaidia, lakini tele kwa tele juu ya kidogo inabaki kidogo. Wakati muswada wa bima kwa wote ulipokuwa ukijadiliwa, takwimu iliyotajwa ni kwamba Watanzania wenye bima ya aina yoyote walikuwa takriban asilimia 15.

Halafu kuna suala la kaya, ambalo kwenye semina lilichukua nusu saa na kijijini lilichukua siku zangu zote. Kaya ni nani? Unyamwezini na kwa ndugu zetu Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao, mtu kuwa na wake wawili si ajabu. Fomu ilitaka mkuu wa kaya, mwenza mmoja na wategemezi. Nimeona mwanamume akiandika nyumba ya mke mkubwa mwaka huu na ya mke mdogo mwaka ujao, kwa kupokezana, akiamini anatenda haki. Na kwa kuwa mke mdogo ndiye aliye katika umri wa kuzaa, mimba yake ikaangukia mwaka wa mwenzake. Nimeona binti wa miaka kumi na saba, mjamzito, amerudi kwa wazazi, hayumo kwenye kadi ya baba kwa kuwa anahesabiwa ameolewa, wala kwenye kadi ya mume kwa kuwa mume hajajitokeza. Nimeona bibi anayelea wajukuu saba. Nafasi sita zinatosha nyumba ya mjini yenye baba, mama na watoto wawili. Huku kila jina linaloandikwa linamfuta mtu mwingine, na anayefutwa kwanza ni yule ambaye watu wanaamini amekwisha kusamehewa.

Jambo jingine ni wapi huduma ya uzazi inaanzia na wapi inaishia. Katika mazungumzo yetu inaanza na uchungu na kuishia kitovu kinapokatwa. Mkunga hatakubaliana na hilo. Huduma inaanza siku ya hudhurio la kwanza kliniki, mama anapopimwa wingi wa damu, mkojo, kaswende, virusi vya Ukimwi, anapopewa vidonge vya kuongeza damu na baadaye vya SP vya kumkinga na malaria, na inapowezekana kipimo cha mawimbi ya sauti mapema ili mapacha au mtoto aliyelala vibaya ajulikane kabla. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linapendekeza mahudhurio yasiyopungua 8. Kipimo kimoja kikikosekana kituoni mama huambiwa akafanye nje, na mama asiye na fedha harudi. Hasemi kwamba hana, hukaa nyumbani tu mpaka uchungu.

Upande wa pili, sehemu kubwa ya vifo vya uzazi hutokea baada ya mtoto kuzaliwa, hasa katika saa 24 za kwanza, kwa kutokwa damu. Kuna pia presha inayopanda wiki moja baada ya kurudi nyumbani, kidonda cha upasuaji kinachotunga usaha, maziwa yanayovimba, huzuni nzito ambayo hatuna hata desturi ya kuitaja. Nchini Marekani, ambako bima ya umma ya watu wa kipato cha chini, Medicaid, hulipia takriban uzazi 4 kati ya kila 10, kinga ya mama kwa muda mrefu ilikoma siku 60 baada ya kujifungua; sheria ya mwaka 2021 iliruhusu majimbo kuiongeza hadi miezi 12, na karibu yote yameiongeza. Nchi tajiri imechukua miaka mingi kukubali kwamba mama haponi siku anapofunga mzigo wake kutoka wodini.

Na kuna wale ambao mimba zao hazikufika. Mama mmoja alinisimulia, tukiwa tumekaa kwenye kizingiti cha jiko lake, kwamba mimba yake iliharibika ikiwa na miezi minne, akapelekwa kusafishwa, na kwenye dirisha la malipo akaulizwa kadi yake ya kliniki. Hakuwa ameanza kliniki. Akaambiwa basi alipe kama mgonjwa wa kawaida. Alilipa kwa fedha za kuazima, siku ile ile aliyompoteza mtoto. Sijui kama aliyemwambia vile alikuwa anafuata maelekezo au alikuwa amechoka. Ninachojua ni kwamba utaratibu unaomtambua mama kwa tumbo lake utamsahau mara tu tumbo linapokuwa tupu, na yule mama alikuwa na haki ya kuhudumiwa kwa heshima ile ile anayopewa aliyezaa.

Sitaki nieleweke kwamba hakuna lililofanyika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Katika muda huo huo akina mama wanaojifungulia vituoni waliongezeka kutoka asilimia 63 hadi 81. Vituo vya afya ambavyo zamani viliweza kufunga vidonda tu sasa vina vyumba vya upasuaji. Wenzetu wa Kigoma walitangulia katika hili, kwa kuwafundisha madaktari wasaidizi kufanya upasuaji wa uzazi katika vituo vya afya vilivyo mbali na hospitali, na kwa watu wa mwambao wa Tanganyika ambao njia yao ni mtumbwi, hiyo ilikuwa tofauti kati ya kufika na kutofika. Usafiri nao, ambao haukuwahi kuwa ndani ya kadi yoyote niliyoiuza, umepata jibu kupitia mpango wa m-mama, uliozinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022: mtu anapiga 115 bila malipo, na kama gari la wagonjwa halipo karibu, dereva wa kijamii aliyesajiliwa hupigiwa amchukue mama, naye hulipwa na mfumo. Niliwahi kuipiga namba hiyo kwa ajili ya jirani yangu, usiku wa mvua. Gari lilikuja, na dereva hakumwomba mumewe hata shilingi ya mafuta. Nilisimama barabarani nikawaza kwamba kumbe inawezekana: huduma ikawa bure kwa mama na wakati huo huo aliyeitoa akalipwa.

Novemba mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Inataka kila mkazi awe na bima, na inaweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo. Naiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu nimeona hiari inavyoshindwa. Lakini sheria inatekelezwa na watu wenye orodha mikononi, kama nilivyokuwa mimi, na ndiyo maana ninaomba jambo hili liandikwe wazi kabla orodha hazijafungwa: mjamzito asihesabiwe ndani ya idadi ya kaya. Siku ya hudhurio lake la kwanza, kadi ya kliniki iwe ndiyo kadi yake ya bima, mfuko umlipie yeye kituoni kama unavyomlipia mtumishi, kuanzia vipimo vya mwanzo hadi wiki za baada ya uzazi, mtoto akiwa hai au la. Mama asilipe chochote, na kituo kilipwe. Aliye mke wa pili, aliye binti asiye na mume, aliyetoka ng'ambo ya wilaya kumfuata mama yake ajifungulie kwao, wote wajulikane kwa kadi ile moja. Fedha zake zitatoka kwa wote, wanaume na wazee wasiozaa tena wakiwemo, maana hakuna kati yetu ambaye hakuzaliwa.

Yule mke wa mkulima, aliyesimama karibu na kinu, alijifungua mapacha mwezi wa Septemba ule ule wa 2019, katika zahanati, salama, kwa glovu alizozinunua mwenyewe. Desturi yetu ilikuwa imekwisha kuwapa majina, Kulwa na Doto. Mwaka uliofuata, wakati wa kuhuisha kadi ulipofika, yeye ndiye aliyenifuata, mume akiwa shambani. Alikuwa na shilingi 30,000 za karanga zake, zimefungwa kwenye pindo la kanga. Kwanza akataja jina lake mwenyewe. Akataja la mumewe, la mama mkwe, na ya watoto watatu, akaacha mmoja wa wale wakubwa wanne. Hapo akanyamaza. Kisha akaniuliza, kwa kuwa 30,000 ukizigawa kwa watu sita ni 5,000 kila mmoja, kama angeweza kuongeza 5,000 nyingine kwa ajili ya yule aliyebaki. Nilimwambia kwamba mfumo haupokei mtu wa saba. Ingebidi afungue kaya nyingine na kulipa 30,000 upya. Akafungua pindo tena, akaangalia kilichobaki, akalifunga.